Shangazi, Kiti Chako Kilikaliwa na Ndoo

Mpendwa Shangazi,

Hapana, kiti chako hakikukaliwa na mtu. Ulipomtuma yule dereva wa lori aniulize, "Nani alikaa mahali pangu siku ya harusi?" nilicheka mbele yake mpaka akaona haya, maana jibu lenyewe si la kumpa dereva alibebe pamoja na magunia ya mahindi. Nikamwambia akwambie tu kwamba nitaandika. Sasa naandika. Nimekaa mlangoni kwangu. Kwangu, Shangazi! Nina mlango wangu hapa Majengo, nina jiko langu, na mume wangu yuko pale mbele ameinamia gurudumu la baiskeli ya mtu, anapiga mluzi. Mume wangu. Nimeliandika tena neno hilo kwa sababu hakuna wa kunikataza.

Lakini habari ya kiti siwezi kuianzia kwenye kiti. Inabidi nirudi Kawajense, kwenye bomba.

Unalikumbuka bomba letu asubuhi. Mgeni akipita angedhani ndoo zimetoka zenyewe majumbani na kujipanga, maana mtu hamwoni. Kila mwanamke ameacha yake kwenye mstari, kisha amerudi kufagia, kukoroga uji, kumtafutia mtoto kaptula ya shule. Kuna iliyopakwa rangi ya mlango, kuna iliyozibwa tundu kwa lami, kuna debe la mafuta lenye mpini wa mti. Yetu ilikuwa ya buluu, na mpini wake uliuzungushia kipande cha kitenge chako cha zamani ili usinikate vidole. Ulinifundisha sheria ya pale kabla hujanifundisha kusonga ugali, mwaka ule ule kaka yako, baba yangu, alipofariki ukanichukua. Ulisema, "Ndoo ikiwa kwenye foleni, mwenyewe yupo. Ukiisukuma, umemsukuma mtu."

Basi siku moja akaja kijana mrefu na dumu lake. Alikuwa mgeni mjini, amekuja kufungua genge la kutengeneza baiskeli. Akaangalia mstari, hakuona mtu, akaisogeza ndoo yetu kwa mguu, akatega dumu. Sisi wawili tulikuwa kivulini nyuma ya kibanda. Nakusikia mpaka leo.

"We baba! Mbona unampiga mwenzio teke?"

"Samahani, mama. Sikuona mtu."

"Hukuona mtu? Na huyo wa buluu ni nani?"

Akaitazama ndoo, akakutazama wewe. Ukamuuliza kabila, akasema Msukuma, wazazi wake wamehama na ng'ombe wao wako huko porini. Ehee! Ulipata ulichokuwa unatafuta. "Nilijua. Nyie mkiona maji mnadhani ni lambo la kunyweshea. Hapa hatangulii mwenye pembe ndefu, baba."

Na kwa kuwa sisi Wakonongo na Wasukuma ni watani, hakuna aliyekasirika. Wanawake walitoka majumbani kuja kucheka. Kijana akavua kofia, akauliza kwa heshima kabisa, "Sasa mama, nikuombe radhi wewe au ndoo?"

"Ndoo. Mimi nitasikiliza."

Akachuchumaa! Mwanaume mzima, mbele ya bomba la Kawajense, akaiambia ndoo, "Nisamehe, bibi wa buluu. Nimelelewa na ng'ombe." Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya kanga ili nisicheke, na wewe badala ya kumwangalia yeye ukageuka kuniangalia mimi. "Na weye? Meno yote hayo ya nini?"

Shangazi, nadhani ulijua kabla yangu.

Halafu ikaja habari ya bei. Miaka ya nyuma tulichota bure, kisha tukaambiwa zama zimebadilika, kila mtu achangie. Tukachangia. Lakini tulipoambiwa bei ya ndoo itapanda mara mbili, ndipo nilipokuona umeacha utani kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unaosha vyombo, ukaacha. Ukaniambia maneno ambayo mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne sikuwa nimeyafikiria. "Mwenye bomba ndani analipa kwa mwezi, awe ameoga mara moja au ameosha gari na kumwagilia maua. Mimi nalipa kwa ndoo. Mtoto akimwaga, nalipa tena. Sasa kwa nini anayepandishiwa ni wa ndoo peke yake?"

Mkutano ukaitishwa kwenye ofisi ya kata siku ya kazi, asubuhi, katikati ya msimu wa kupanda. Nani angekuja? Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na mashamba yetu yako mbali. Ukikosa siku hiyo, mbegu zako zinakuwa chakula cha ndege. Na tangazo lilisema watakaokuwepo ndio watakaoamua. Wanawake walikuja nyumbani jioni hiyo wakilalamika. Mmoja alisema bora tukubali tu, maji si ya mama yetu. Ukawauliza, "Asubuhi mkiwa mnakoroga uji, foleni ya bomba mnamwachia nani?" Wakasema, ndoo. Ukasema, "Basi."

Sitasahau alfajiri ile. Ndoo zilianzia mlangoni pa ofisi, zikashuka ngazi, zikazunguka mti wa bendera, zikatoka mpaka barabarani. Wenyewe walikuwa wameshapita na majembe begani. Tulibaki wewe na mimi, nimeshika kalamu ili nionekane nina maana.

Afisa wa maji alipofika alisimama. "Watu wako wapi?"

"Hawa hapa," ukasema.

"Mama, hizi ni ndoo."

"Mwenyekiti, mweleze mgeni."

Maskini mwenyekiti wa mtaa! Ndoo ya mkewe ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, ile yenye kifuniko cha sufuria. Alikohoa, akarekebisha kola. "Ni kweli bwana afisa. Kwa hapa kwetu, ndoo ikiwa kwenye foleni, mwenyewe yupo."

Nilidhani afisa atafoka. Kumbe naye alikuwa mtu. Alivuta pumzi, akageukia ule mstari, akaanza kuzihutubia ndoo! Alizieleza kwamba pampu inakunywa dizeli, kwamba dizeli inakuja kwa treni kutoka Tabora na kila ikija imepanda, kwamba yeye hapangi bei ya mafuta. Alimaliza, akafuta jasho, akauliza, "Ndoo mmenielewa?"

Ukajibu, "Zimeelewa, baba. Ila haziwezi kujibu mpaka Jumapili baada ya ibada."

Akacheka. Mkutano ukaahirishwa mpaka Jumapili, na Jumapili uwanja ulijaa. Hatukushinda kila kitu. Bei ya ndoo ilipanda, ila si mara mbili, na wenye mabomba ya ndani nao wakaongezewa ya mwezi. Wako walionuna. Mwenye gari lake la kuosha alikupita njiani wiki nzima bila salamu, na wewe ukamsalimia wiki nzima kama hujaona kitu. Nimelifikiria sana jambo hilo, Shangazi. Nilikuwa nadhani kudai haki ni kupiga kelele. Wewe ulimruhusu yule afisa aseme habari za dizeli yake mpaka mwisho, ukakubali kwamba ni kweli, na bado hukuondoka pale ulipokuwa umesimama.

Kuna jambo moja la siku ile ya ndoo ambalo sikukwambia. Wakati afisa anahutubia, Mabula, yule kijana wa baiskeli, alikuja. Alikuwa na dumu lake. Hakuna aliyemwita, hakuwa na shamba la kupanda, angeweza kukaa gengeni kwake akisubiri wateja. Alitembea kufuata mstari wote, taratibu, huku anaangalia asiguse hata ndoo moja, mpaka akafika mwisho kabisa kule barabarani. Akaweka dumu lake nyuma ya zote. Kisha akasimama pembeni yake, amefumbata mikono, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Nilimwangalia kutoka ngazini nikasahau kalamu iko mkono gani. Shangazi, wengine wanapendwa kwa nguo, wengine kwa maneno matamu. Mimi nilimpenda mtu kwa namna alivyokwenda mwisho wa foleni.

Kisha ukaondoka. Mkwe wako wa Sitalike alijifungua mapacha, mwanao analinda hifadhi na usiku mwingi hayupo nyumbani, ikabidi uende ukashike mtoto mmoja. Ulisema utarudi mapacha wakisimama. Ndoo ya buluu ukaniachia. "Hii ni mimi," ukasema, "usinisukume." Wakasimama, wakakimbia, na wewe ukawa umeshalima shamba, umeshafuga kuku, umekuwa mtu wa Sitalike.

Nilipokuletea habari kwamba watu wa Mabula wamekuja kuposa, ulituma jibu la neno moja: "Walichelewa." Ukaahidi kuja. Na ulipaswa kuja, maana unajua utaratibu wa nyumba yetu. Mkwe hanawishwi na mtu yeyote tu. Aliyemlea binti ndiye anayemmiminia mkwe maji mikononi kabla ya kula naye, na kabla ya hapo, hata awe ameoa kwa kengele na matarumbeta, anaitwa mgeni.

Asubuhi ya harusi uliketi barabarani Sitalike na kitenge chako kipya. Najua, dereva alinisimulia yote. Basi la kutoka Sumbawanga lilipita limejaa, halikusimama. Lori la kwanza halikuwa na nafasi hata juu ya magunia, la pili vivyo hivyo. Ukakaa mpaka kivuli cha mti kikahamia ng'ambo ya barabara, ndipo ukarudi nyumbani na kuku wako mkononi, yule uliyekuwa unaniletea. Nikiifikiria ile picha, Shangazi, furaha yangu yote inasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina njiani.

Huku nasi tulikusubiri. Kiti chako kilikuwa upande wangu wa kulia, kimefunikwa kitambaa cheupe. Watu wakaanza kukitamani, unajua watu wa harusi. Shemeji mmoja akasema, "Hiki kiti kinakaa bure, tukae." Mabula akainuka. Bwana harusi, na suti ya kuazima inayombana mabega, akatoka nje ya uwanja wa sherehe mbele ya watu wote. Minong'ono ikaanza. Akarudi na ndoo ya buluu. Alikuwa ameifuata jikoni, walikuwa wameitilia maji ya pilau, ameyamwaga na kuifuta kwa leso yake. Akaiweka kwenye kiti chako, akaugeuza mpini ili kile kipande cha kitenge chako kionekane. Akainama, akasema kwa sauti, "Karibu, bibi wa buluu."

Kwanza walicheka. Wanawake wa Kawajense walicheka mpaka wakashikana. Halafu mmoja wao, yule mwenye debe la mpini wa mti, akaanza kulia, na mimi nikamfuata, na poda yote niliyopakwa tangu alfajiri ikateremka. Hilo ndilo jibu lako. Kiti chako kilikaliwa na wewe.

Lakini maji hukummiminia. Baba mdogo alitaka kumnawisha kwa niaba yako, Mabula akakataa. "Mimi nitakuwa mgeni mpaka nifike Sitalike," alisema. Na sasa ndugu zangu hawamwachi apumue. Akija kuchukua kiti, "Mpeni mgeni kiti." Akisema chakula kina chumvi, "Mgeni huwa halalamiki." Anacheka nao, lakini usiku wa kuamkia Jumapili moja aliniambia taratibu, "Nataka kuacha kuwa mgeni." Ndipo nilipojua kwamba jambo hili si la utani tena.

Sasa twende kwenye basi. Genge la Mabula liko karibu na stendi, kwa hiyo kila siku tunasikia. Mtu anauliza Sitalike, kondakta wa basi la Sumbawanga anamjibu, "Lipa ya Sumbawanga upande." Mtu anasema nashuka Sitalike tu, hata mbuga hatujaingia. Kondakta anasema, "Ukishuka, kiti chako nimpe tembo?" Watu wanacheka, lakini anayecheka naye anabaki stendi. Anakwenda kutafuta lori, anakaa juu ya magunia na mtoto mgongoni.

Yuko mzee mmoja wa hapa hapa, mzaliwa wa Kawajense, ana kibasi chake cha zamani. Siku za treni kinapeleka abiria stesheni, siku nyingine kimelala mbele ya duka lake hapo stendi. Tulimfuata mimi na Mabula. Akatupa soda, akatusikiliza, akasema, "Wanangu, Sitalike hakuna abiria. Ningewaona." Na alikuwa anasema kweli yake. Anayekwenda Sitalike humsikilizia lori pale alipo: mmoja kwenye mashine ya kusaga, mmoja kituo cha mafuta, mmoja njia panda. Walikuwepo siku zote, ila hawakuwahi kukaa mahali pamoja wakaonekana.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Naingia jikoni, nakutana na nani? Wewe, wa buluu, umekaa pembeni ya mtungi unaniangalia.

Nilianza kupita nyumba kwa nyumba, Majengo na Kawajense. Mwenye safari ya Sitalike Jumamosi, alete ndoo stendi mapema. Walinitania mpaka nikachoka. "Bibi harusi wa siku hizi anatafuta ndoo badala ya kutafuta mtoto!" Nikawajibu mtoto naye atahitaji nauli. Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa naogopa kutoka nje. Mabula akatangulia, akarudi mbio, akanishika mkono, akanivuta nje.

Zilikuwepo, Shangazi. Zilianzia mlangoni pa duka la mzee, zikapita mbele ya kibasi chake, zikageuka kwenye genge letu. Ndoo za wenye ndugu huko, za wauza dagaa, za wenye mashamba. Mzee akafungua mlango, mswaki mdomoni.

"Nani anagawa maji hapa?"

"Hakuna maji, mzee," nikasema. "Hao ni abiria wako."

Alitaka kwenda kwenye kibasi chake, na mstari ulikuwa katikati. Hatua moja tu ingemvusha. Badala yake akageuka, akaufuata mstari wote mpaka mwisho, akauzunguka, akarudi upande wa pili. Mzee wa Kawajense hawezi kuruka ndoo ya mtu iliyo kwenye foleni, hata kwenye kiwanja chake mwenyewe. Nilipoona anazunguka nikajua ametuona.

Alitoa masharti. Nauli itakuwa ya Sitalike, si ya Sumbawanga, na ndoo au kikapu cha mapajani hakilipiwi. Lakini akanyoosha kidole: "Kwenda nimeona. Kurudi je? Nitakwenda kila Jumamosi mpaka mwezi huu uishe. Kibasi kikirudi kitupu, msiniletee ndoo tena mlangoni."

Kwa hiyo unaona, Shangazi, nusu ya kazi iko kwako. Waambie majirani zako wa Sitalike wasikae tena kila mtu chini ya mti wake kusikiliza lori. Wapange ndoo mahali pamoja, karibu na barabara, mzee azione kabla hajazima gari. Wakikucheka, unajua kuwajibu kuliko mimi.

Utauliza kwa nini sisi hatukupanda. Viti vilikuwa vichache kuliko ndoo, na yetu mume wangu aliiweka wapi? Mwisho wa mstari! Nilimkasirikia kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha nikamwangalia uso, nikampenda upya. Mzee akatuonea huruma, akasema watu hawaenei ila ndoo moja inaenea, ataondoka nayo mchana.

Ndiyo maana barua hii umeikuta ndani ya ndoo ya buluu. Nimeiosha vizuri, na kitenge cha mpini ni kile kile. Usiihifadhi ndani. Ipeleke barabarani, uiweke ya kwanza kwenye foleni ya Sitalike, na mtu akitaka kuisogeza mwambie mwenyewe yupo. Kisha kila Jumamosi jioni uirudishe nyumbani uijaze maji safi, ya mikono miwili ya mtu aliyechoka kuwa mgeni. Tunakuja, Shangazi, mimi na mume wangu, kabla mwezi huu haujaisha.

Ni mimi binti wa kaka yako, uliyemlea bombani, sasa mke wa yule aliyekupiga teke.